Kahawa Inapoharibika Kikombeni: Dalili na Visababishi Vyake kwa Wanywaji wa Mtwara na Lindi

Mtwara na Lindi ni mikoa ya korosho, ufuta na nazi. Kahawa inayonywewa katika baraza za Mikindani, Chikongola, Lindi mjini na Kilwa Kivinje hutoka mbali. Eneo kubwa la kahawa ya aina ya arabika lililo karibu zaidi ni Mbinga, mkoani Ruvuma, na hadi kahawa hiyo imfikie mnywaji wa Mtwara huwa imekwisha kusafiri zaidi ya kilomita 600 kwa barabara ya Songea, Tunduru na Masasi. Nyingine hutoka Mbozi, Mbeya na miteremko ya Kilimanjaro, ilhali robusta, aina ya pili ya kahawa, hutoka Kagera, upande wa pili kabisa wa nchi. Kwa sababu hiyo, kahawa inapotoka mbaya lawama ya kwanza humwangukia mkulima, na ya pili humwangukia mfanyabiashara aliyeileta. Kwa maoni yangu, lawama hiyo mara nyingi haina haki. Katika ukanda huu kuna mambo matatu yanayoharibu kahawa nzuri kuliko mengine yote, nayo ni maji yenye chumvi au chokaa, hewa yenye unyevu, na mazoea ya kuiacha kahawa motoni kwa muda mrefu. Yote matatu hutokea baada ya kahawa kufika mkononi mwa mpishi, na yote yanaweza kurekebishwa bila kununua kahawa ya bei kubwa zaidi.

Anayetafuta chanzo cha kasoro hana budi kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Aliyebadili maji, kahawa na kipimo kwa pamoja, hata akipata kikombe kizuri, hatajua kilichomsaidia ni kipi, na juma litakalofuata atarudi palepale. Aidha, inafaa awe na kipimo kimoja cha kuanzia ambacho hakibadiliki. Kwa kahawa ya kuchuja, gramu 60 kwa lita moja ya maji ni mwanzo mzuri. Asiye na mizani na achukulie kwamba kijiko cha mezani cha kahawa iliyosagwa, kikiwa hakikufurika, hubeba gramu tano au zaidi kidogo, hivyo kikombe cha chai cha mililita 200 kinahitaji vijiko viwili. Kahawa ya dele, yaani birika la kahawa la barazani, hupikwa nzito zaidi, na hapo kila mpishi ana kipimo chake. Muhimu ni kwamba kipimo hicho kijulikane na kisipande wala kushuka kwa kufuata hali ya hewa ya moyo wa mpishi.

Ni lazima pia kujua kama kinacholalamikiwa ni kasoro au ni tabia ya kahawa yenyewe. Wapenzi wa robusta ya Bukoba wanataka kahawa nzito, chungu, inayostahimili tangawizi na iliki bila kupotea. Wapenzi wa arabika ya Mbinga au ya Kilimanjaro wanataka harufu ya matunda na ukali mwepesi ulimini, na wengi wao huichuja kwa kitambaa bila viungo. Wa kwanza akipewa kikombe cha wa pili atasema ni maji ya kunawia, na wa pili akipewa cha wa kwanza atasema imeungua. Hakuna aliyekosea. Mimi mwenyewe niko upande wa Mbinga asubuhi na upande wa Bukoba baada ya magharibi, na sioni sababu ya kuchagua.

Uchungu unaokwaruza na kubaki kooni

Uchungu ni sehemu ya kahawa, na anayeinywa kwa kashata, halua au tende anauhitaji ili utamu huo upate wa kushindana naye. Uchungu wenye kasoro ni ule unaokwaruza, unaobaki kooni muda mrefu baada ya kumeza, na ambao hata kipande cha kashata hakiutulizi. Swali la kwanza la kujiuliza ni wakati unapoanza. Ikiwa kikombe cha kwanza kilikuwa kizuri na cha tano kikawa kibaya, tatizo ni moto. Ikiwa kikombe cha kwanza tayari kina kasoro, tatizo liko katika ukaangaji au usagaji.

Tuanze na moto, kwa kuwa ndio kisababishi cha kawaida zaidi barazani. Dele limeundwa ili lihifadhi joto: makaa yako chini, kahawa iko juu, na muuzaji anaweza kutembea nalo mtaa hadi mtaa. Uzuri huo huo ndio unaoidhuru kahawa inayokaa. Kahawa iliyokwisha kuiva, ikiendelea kushikwa na joto kali, hubadilika taratibu. Baadhi ya viambato vyake hugeuka kuwa asidi, ikiwemo asidi ya kwiniki, na matokeo yake ni ladha kali iliyochanganya uchungu na uchachu. Wakati huo huo maji hupungua kwa mvuke, kwa hiyo kinachobaki kinazidi kuwa kizito. Kuongeza maji juu ya mashapo yale yale na kuchemsha tena hakurekebishi chochote, kwani mashapo yaliyokwisha kutoa kilicho kizuri hayana kingine cha kutoa isipokuwa uchungu. Lililo bora ni kupika kiasi kidogo mara nyingi, kuyafunika makaa kwa majivu mara kahawa inapoiva, na kuimimina kahawa safi katika dele la pili ili itengane na mashapo yake. Wauzaji wanaofanya hivyo huuza kikombe cha usiku chenye ladha iliyo karibu na ile ya jioni, na wateja wao huwafahamu.

Ikiwa kosa liko katika ukaangaji, punje yenyewe itasema. Chukua punje chache zilizokaangwa, zivunje kwa meno au kwa ncha ya kisu, utazame ndani. Nje ikiwa nyeusi na ndani kahawia hafifu, moto ulikuwa mkali mno na karai halikukorogwa vya kutosha: ganda limeungua kabla ya moyo kuiva. Ikiwa nje na ndani pote ni nyeusi tititi na punje inang'aa kwa mafuta, moto huenda ulikuwa wa wastani lakini kahawa imekaangwa muda mrefu kupita kiasi. Buni, yaani punje mbichi za kahawa, ikikaangwa hutoa mlio wa kwanza wa kupasuka joto lake linapofika takriban nyuzi 196, na mlio wa pili, ulio mwembamba na wa haraka zaidi, linapofika kama nyuzi 224. Kati ya milio hiyo miwili ndipo ilipo nafasi ya kahawa nyingi nzuri. Kadiri mtu anavyozidi kukaanga baada ya mlio wa pili, viambato vilivyotokana na asidi za kahawa huvunjika na kuzaa vingine ambavyo uchungu wake ni wa kukwaruza, na hakuna iliki wala tangawizi itakayoufunika.

Asiyekuwa na kipimajoto, yaani karibu sisi sote, atumie sikio, pua na jicho. Moto uwe wa wastani tangu mwanzo, mwiko usisimame, na kahawa iepuliwe kabla kidogo ya kufikia rangi inayotakiwa kwa sababu itaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Mara inapoepuliwa imwagwe katika ungo mpana na kupepetwa mahali penye upepo. Kufanya hivyo huipoza upesi na pia huondoa yale makapi mepesi ambayo yakisagwa pamoja na kahawa huongeza ukakasi.

Kuna dawa ya haraka ambayo wengi huijua: punje chache za chumvi ndani ya sufuria hupunguza uchungu unaosikika ulimini. Ni kweli, kwa kuwa sodiamu huzima hisia ya uchungu. Hata hivyo, mtumiaji wa maji ya kisima cha pwani aonje maji yake kwanza, maana huenda dawa hiyo tayari imo, na kwa kipimo asichokichagua.

Uchungu na uchachu katika kikombe kimoja

Hii ndiyo dalili inayowachanganya watu zaidi, kwa sababu tiba ya uchungu na tiba ya uchachu ni kinyume. Kahawa iliyosagwa ina takriban asilimia 30 ya uzito wake inayoweza kuyeyuka katika maji, lakini kikombe kitamu hupatikana pale inapoyeyuka asilimia 18 hadi 22 tu. Ikiyeyuka pungufu ya hapo, kikombe huwa kichachu na chepesi. Ikizidi, huwa kichungu na kikavu. Je, yote mawili yatatokeaje kwa pamoja? Jibu karibu siku zote ni kinu.

Kahawa inayotwangwa kwa kinu na mchi hutoka na chembe za aina mbili. Zipo zilizokuwa vumbi laini kama poda, na zipo mapande makubwa kama chenga za mchele. Maji yakipita, vumbi hutoa kila kitu chake pamoja na uchungu, wakati mapande hutoa ule uchachu wa mwanzo tu kisha hubaki na utamu wake ndani. Kutwanga zaidi hakutatui tatizo, kwani huongeza vumbi kwa kasi kuliko kunavyopunguza mapande. Njia inayofaa ni kutwanga kidogo kidogo na kuchekecha kila baada ya mapigo machache. Kilichopita kwenye chekeche la kawaida la unga hutengwa, na mapande hurudishwa kinuni. Mwishoni, kilichotengwa kichekechwe tena kwa chekeche laini zaidi, na vumbi linaloanguka liwekwe kando. Vumbi hilo lisitupwe. Linafaa kabisa kwa kahawa ya dele yenye viungo, inayochemshwa muda mfupi na kuachwa ituame. Kwa kahawa ya kuchuja kwa kitambaa, lakini, halifai.

Wanaopeleka kahawa katika mashine ya kusaga nafaka au viungo hukutana na tatizo jingine. Mashine iliyotoka kusaga mahindi, pilipili manga au binzari huacha mabaki, na kilo ya kwanza ya kahawa hubeba ladha hiyo yote. Kama hakuna njia nyingine, mwombe msagaji apitishe kwanza mchele mkavu kidogo. Mashine ndogo ya mkono yenye meno ya kauri au chuma ni nafuu kuliko inavyodhaniwa, na naamini kwamba hakuna fedha inayotumika vizuri zaidi katika kahawa kuliko hiyo. Blenda ya jikoni haiwi mbadala wake, kwa kuwa kisu hukata ovyo na kutoa chembe za aina mbili vilevile.

Uchachu mtupu

Ikiwa kahawa ni chachu na nyepesi pasipo uchungu wowote, visababishi ni vitatu: imesagwa kwa chembe kubwa mno, maji yalikuwa ya vuguvugu, au haikupewa muda. Ongeza muda kwanza, kwa kuwa ni rahisi zaidi. Dakika nne zinatosha kwa kahawa iliyolowekwa kwenye birika la kioo lenye kichujio cha kusukuma.

Kuhusu joto la maji kuna jambo linalowapotosha wanaopokea maelekezo kutoka kwa ndugu zao wa nyanda za juu. Mjini Mbeya, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi, na mtu anaweza kuyamimina moja kwa moja juu ya kahawa bila kuidhuru. Mtwara mjini maji huchemka yakiwa na nyuzi 100. Kahawa ya kuchuja hupendelea nyuzi 90 hadi 96. Kwa hiyo sisi wa pwani inatubidi tufunue birika na kusubiri kama nusu dakika, au zaidi kidogo, kabla ya kumimina. Asiyesubiri hupata uchungu, na anayesubiri hadi amalize kupiga soga hupata uchachu.

Uchachu wenye harufu ya siki au ya tunda lililooza ni habari nyingine. Hiyo ni kahawa iliyochacha huko ilikotoka, kwa kawaida kwa sababu matunda yake yalikaa muda mrefu kabla ya kumenywa au kukaushwa. Hakuna upishi utakaoiponya, na hapo mnywaji ana haki ya kurudi kwa muuzaji.

Kahawa isiyo na ladha, au yenye ladha ya chumvi

Kikombe cha kahawa ni maji kwa zaidi ya asilimia 98, lakini watu wanaojadili kahawa kwa saa nzima hawataji maji hata mara moja. Pwani ya kusini, hili ndilo eneo ambalo makosa yake ni mengi na utatuzi wake ni rahisi. Kipimo ni hiki: pika vikombe viwili kwa kahawa ile ile, kipimo kile kile na muda ule ule, kimoja kwa maji unayotumia kila siku na kingine kwa maji ya chupa ya dukani. Ikiwa cha pili kina ladha na cha kwanza hakina, kahawa yako haina hatia.

Visima vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe na chokaa hutoa maji yenye kalsiamu na baikabonati nyingi. Baikabonati huzima asidi za kahawa, na bila asidi hizo arabika ya Mbinga hupoteza kila kitu kilichoifanya iwe ya Mbinga. Inabaki kuwa kitu cheusi chenye moto. Dalili ya maji hayo ni ukoko mweupe ndani ya birika. Kuyachemsha na kuyaacha yatuame hupunguza sehemu ya chokaa, kwa kuwa ndiyo inayoganda kuwa ukoko, kisha maji ya juu humiminwa taratibu katika chombo kingine. Chumvi ya bahari, kinyume chake, haitoki kwa kuchemsha. Kadiri maji yanavyochemka na kupungua, chumvi inazidi kukolea, na ndiyo maana dele linaloongezewa maji ya kisima jioni nzima huishia kuwa kama supu.

Upande wa pili wa tatizo uko juu ya uwanda wa Makonde. Newala na Tandahimba zina uhaba wa maji ya juu ya ardhi, na familia nyingi hukinga maji ya mvua kutoka mabatini. Maji ya mvua ni laini mno. Hayana madini ya kusaidia kuitoa ladha ndani ya kahawa, na kikombe chake huwa kikali kwa namna iliyo tupu. Viwango vinavyotumiwa na waonjaji wa kahawa duniani vinalenga maji yenye miligramu 150 hivi za vitu vilivyoyeyuka katika kila lita, na vinaruhusu kutoka 75 hadi 250. Maji ya mvua yako chini ya hapo na maji ya visima vingi vya pwani yako juu.

Ufumbuzi unajionyesha wenyewe: changanya. Sehemu tatu za maji ya mvua yaliyochemshwa na sehemu moja ya maji ya kisima ni mwanzo mzuri, kisha kila mtu aongeze au apunguze kulingana na kisima chake. Nimeona mchanganyiko huo ukiifufua kahawa ambayo mwenyewe alikuwa tayari kuigawa bure. Mwenye maji ya bomba naye awe macho kwa jambo moja tu, nalo ni klorini, ambayo ikikutana na kahawa huzaa harufu ya dawa ya hospitali. Maji yakikaa usiku kucha katika chombo kilicho wazi, au yakichemshwa dakika chache bila kifuniko, harufu hiyo hupungua sana. Vivyo hivyo kwa maji yaliyotibiwa nyumbani kwa vidonge.

Harufu isiyo ya kahawa

Kahawa hunyonya harufu upesi kuliko chumvi inavyonyonya unyevu. Katika masoko yetu huwekwa mara nyingi jirani na dagaa, ng'onda na vitunguu saumu, na mnunuzi asiyeinusa kabla ya kulipa atainusa nyumbani. Kahawa iliyosagwa ndiyo inayoathirika zaidi. Buni ambayo haijakaangwa huvumilia, lakini nayo ina adui yake: inapaswa kuwa imekauka hadi kubaki na unyevu wa asilimia 11 au 12, na ikikaa ghalani Mtwara kuanzia Desemba hadi Aprili, wakati wa mvua, huvuta unyevu mwingine na kuota ukungu. Harufu yake ni ya gunia lililolowa. Buni ya namna hiyo hutupwa. Kuikaanga sana ili kuificha ni kujidanganya, na baadhi ya sumu za ukungu haziondoki zote kwa moto wa karai.

Moshi wa korosho unastahili maelezo yake, kwa sababu ni tatizo letu hasa. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na yakiungua hutoa moshi unaowasha macho na koo. Karai lililotumika kuchoma korosho zenye maganda lisitumiwe kamwe kukaangia kahawa, hata likisuguliwa kwa mchanga, kwa kuwa mafuta hayo hushika kwenye chuma. Karai lililotumika kukaangia korosho zilizokwisha kubanguliwa halina shida likioshwa vizuri. Ikiwa maganda ndiyo kuni yako, kaanga kahawa yako kwa mkaa wa kawaida au gesi, na wakati wa kupika usiache kifuniko wazi.

Harufu ya mafuta ya zamani, kama ya nazi iliyokaa kopani, humaanisha kahawa imechina. Kahawa iliyokaangwa hadi kung'aa huchina upesi zaidi kwa kuwa mafuta yake yako nje na hewa inayafikia. Inunuliwe kidogo kidogo, ihifadhiwe ikiwa punje nzima katika kopo la bati linalofunga sawasawa, mbali na jiko, na isagwe siku ya kunywewa. Jokofu halifai kwa kopo linalofunguliwa kila asubuhi, kwani katika hewa yetu kopo baridi likifunguliwa hutona maji ndani papo hapo.

Harufu ya mahindi ya kuchoma katika kahawa iliyosagwa huleta shaka kwamba imechanganywa. Nyunyiza kijiko kimoja juu ya glasi ya maji baridi. Kahawa halisi huelea kwa muda na kuyatia maji rangi polepole, ilhali nafaka iliyokaangwa huzama upesi na kuacha michirizi ya rangi ikiteremka. Kipimo hiki si cha maabara, lakini kinatosha kukuamulia kama urudi kwa muuzaji yule yule.

Mashapo

Kahawa iliyochemshwa iepuliwe na kuachwa dakika mbili au tatu bila kutikiswa. Matone ya maji baridi juu yake husaidia mashapo kuzama. Imiminwe polepole na ya mwisho isimiminwe. Anayechuja kwa kitambaa cha pamba akioshe kwa maji ya moto bila sabuni, na akihifadhi kikiwa kimelowa ndani ya maji safi yanayobadilishwa kila siku, la sivyo kikombe cha kesho kitanuka kitambaa.

Maziwa kukatika

Mpishi wa kahawa ya maziwa yenye tangawizi hulaumu maziwa yanapokatika, na mara nyingine ni kweli kwamba yalikuwa yamekaa. Lakini yakikatika hata yakiwa ya asubuhi hiyo hiyo, kisababishi ni tangawizi mbichi. Ina kimeng'enya kinachovunja protini na kuyagandisha maziwa yenye uvuguvugu. Kimeng'enya hicho hufa kwa joto. Kwa hiyo tangawizi iliyopondwa ichemke kwanza katika maji matupu kwa dakika tano, ndipo kahawa ifuate, na maziwa yaliyokwisha kuchemshwa peke yake yaingie mwisho. Tangawizi kavu ya unga haina usumbufu mkubwa kiasi hicho, ingawa harufu yake ni hafifu. Kahawa chachu mno nayo huweza kuyakata maziwa, na katika hali hiyo rejea sehemu ya uchachu hapo juu.

Birika la moka lisilopandisha

Wanaotumia lile birika la Kiitalia linalopandisha kahawa kwa nguvu ya mvuke hukutana na tatizo moja kubwa: maji yanachemka chini na juu hakufiki kitu. Angalia mpira wa duara ulio katikati. Ukikakamaa au kupasuka mvuke hutokea pembeni. Mpira ukiwa mzima, sagisha kahawa kwa chembe kubwa kidogo na usiishindilie. Hatari iko kwenye vali ndogo ya usalama iliyo ubavuni mwa chungu cha chini, ambayo kwa maji ya visima vyetu huziba kwa ukoko wa chokaa. Chemsha ndani yake maji yenye maji ya ndimu, suuza vizuri, na usiyaache humo usiku kucha kwa kuwa asidi hula alumini. Maji yasijazwe kupita usawa wa vali hiyo.

Kahawa ya unga wa kuyeyuka iliyoganda

Kahawa ya kopo, kama ile inayotengenezwa na kiwanda cha Tanica kilichopo Bukoba, huganda kwa sababu ya unyevu tu, na karibu siku zote unyevu huo huletwa na kijiko kilichotoka kwenye kikombe chenye mvuke. Ikiwa imeganda lakini bado ni kavu na inavunjika, inanyweka. Ikigeuka kuwa nyeusi na kunata kama lami, itupwe.

Usingizi uliopotea

Dalili hii haiko kikombeni, iko kwa mnywaji, na huulizwa zaidi mwezi wa Ramadhani, ambapo watu hunywa kahawa baada ya tarawehe kisha wakashangaa kwamba daku imewakuta macho. Robusta ina kafeini takriban maradufu ya arabika, na udogo wa kijikombe cha dele unadanganya, kwa kuwa hakuna anayekunywa kimoja. Tangawizi na iliki hazipunguzi kafeini. Kahawa iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi nayo haizidi kafeini. Kilichozidi ni uchungu. Mwilini mwa mtu mzima mwenye afya, nusu ya kafeini huwa bado imo baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kilichonywewa saa tatu usiku kinaendelea kufanya kazi saa nane. Kiwango kinachochukuliwa kuwa salama kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku, na kwa mjamzito ni 200. Anayepata mapigo ya moyo ya haraka au mikono kutetemeka ahamie arabika, apunguze vijikombe, na asogeze baraza lake la kahawa mbele kuelekea alasiri. Dalili zikiendelea hata baada ya kupunguza, amwone daktari, kwani hapo kahawa huenda ikawa haihusiki kabisa.